Kitita cha Matawi Langoni pa Ngome

Irmgard Neidhöfer alitukanwa mlangoni pake mwenyewe, Ijumaa saa sita mchana, na waliomtukana wala hawakujua kwamba wanamtukana mtu. Walikuwa wageni wanne, wamevaa viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kuonja tope. Walisimama mbele ya nyumba yake ya kando ya mto, wakakitazama kitita cha matawi ya msonobari kilichoning'inia juu ya mlango, wakasoma na kibao cha chini yake: Engelsleite, mvinyo wa nyumba hii. Mwanamke mmoja akamvuta mwenzake mkono.

"Tusiingie hapa. Si ndiyo hiyo Engelsleite tuliyokunywa jana kule hoteli ya ngomeni?"

"Ile tamu kama dawa ya kikohozi?"

"Hiyo hiyo. Kichwa kimenigonga mpaka asubuhi."

Wakacheka, wakaenda zao kutafuta aiskrimu. Irmgard alikuwa nyuma ya dirisha, anakata mkate. Kisu kikasimama katikati ya boflo. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na katika miaka hiyo alikuwa ameambiwa mengi: kwamba ni mkaidi, kwamba ana mdomo, kwamba jibini yake ina chumvi ya kutosha kuyeyusha barafu ya barabara nzima. Yote hayo aliyakubali kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini hili la dawa ya kikohozi aliligeuza kichwani mara tatu, nne, na kila akiligeuza lilizidi kukosa maana. Engelsleite haina mtu mwingine. Miaka kumi na tisa sasa, hakuna mkono mwingine uliochuma zabibu juu ya mteremko ule. Basi wale watu walikunywa nini?

Yafaa nikwambie Engelsleite ni nini, kwa maana huko juu hawafiki wageni, na hata sisi wa mji wa Kaltenwerth tunapapenda zaidi tukipatazama kutoka chini. Ni ukuta wa mawe meusi uliosimama juu ya mto Rhine, na mtu mmoja wa zamani aliyekuwa na wazimu au njaa akaamua kupanda mizabibu humo. Trekta haipandi. Farasi alishindwa. Kuna vidato mia tatu na kumi na viwili, na kila zabibu hushuka kwa kapu la mgongoni. Irmgard alipokuwa msichana, familia kumi na nne zililima pale. Mmoja mmoja wakaacha, wakaenda kufanya kazi zenye kiti.

Yeye hakuacha. Aliolewa na Volkmar, mtu wa ng'ambo ya mto, jambo ambalo baba yake alilisamehe baada ya miaka sita, na harusi yao ilifanyika uani pa ngome ileile. Wakati huo ngome haikuwa na paa wala mwenyewe zaidi ya njiwa. Mji mzima ulipanda na mabenchi mgongoni, tukacheza mpaka viatu vikaisha soli, na hakuna aliyeulizwa jina lake langoni. Volkmar alifia Engelsleite mwezi wa Februari, wakati wa kupogoa. Irmgard alimkuta amekaa ameegemea ukuta wa mawe, mkasi mkononi, kama mtu anayepumzika kabla ya safu inayofuata. Baada ya mazishi kila mtu alimshauri auache mteremko. Mwanawe Reinhold bado humpigia simu kutoka Frankfurt kila Jumapili kumwambia hivyo. Yeye hujibu, "Nikimaliza msimu huu." Amemaliza kumi na tisa.

Jioni ile alipita Lioba, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ambaye hutandika vitanda katika hoteli ya ngomeni. Irmgard hakumkaribisha kiti.

"Lioba. Huko juu wanamimina nini na kukiita Engelsleite?"

Lioba alikitazama kidole chake cha pete kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Kwani umeshasikia?"

"Kumbe ulijua!"

"Wiki tatu tu, Irmi. Usinitazame hivyo. Menyu mpya imesema 'mvinyo wetu wa Engelsleite'. Unakuja kwa lori, kwenye maboksi yenye bomba. Wanaumimina kwenye majagi ya udongo. Na juu ya lango wametundika kitita."

"Kitita gani?"

"Kama chako. Kikubwa zaidi. Tena kina riboni."

Hapo Irmgard alikaa yeye mwenyewe. Huko kwetu kitita si ua la harusi. Nyumba inayokamua zabibu zake inaruhusiwa kufungua mlango wake miezi minne kwa mwaka na kuuza mvinyo wake, mkate, jibini na soseji ya ini, basi. Siku ya kufungua unatundika matawi. Yakiwa juu, mlango ni wa kila mtu: mchimba makaburi, daktari, adui yako wa mpaka. Anayeingia huuliza, "Kinaning'inia?" hata kama ameshakigonga kwa kofia, na mwenye nyumba hujibu, "Kinaning'inia, sogeeni." Hakuna meza ya kuagizwa mapema, hakuna wa kuambiwa rudi kesho. Na kitu kisichotoka shambani mwako hakimiminwi chini ya kitita. Mvinyo ukiisha, unashusha matawi na kufunga mlango. Hakuna mtoto wa Kaltenwerth asiyejua hayo.

Wahenga wa Kiswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa ngomeni hakungoja hata kusifiwa.

Jumatatu Irmgard alipanda ngomeni. Meneja, Bwana Thalheim, alikuwa kijana wa miaka arobaini mwenye tabasamu lisilolala na suti ya rangi ya maziwa. Kampuni iliyoinunua ngome ilimleta kutoka mbali ili alete harusi, mikutano na karamu za mashujaa wa kale ambapo watu wazima hula kuku kwa mikono wakiwa wamefungwa kitambaa shingoni kama watoto. Alimpa kiti, akampa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi baadaye: kwamba alisikiliza.

"Bi Neidhöfer, nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini yale matawi ni mapambo tu. Wageni wanapenda mambo ya asili."

"Na jina?"

"Engelsleite? Mteremko uko pale, unaonekana kutoka kila dirisha. Mgeni anautazama huku anakunywa. Ni hisia, unajua."

"Mimi ninaupanda, kijana. Hisia zake ziko hapa." Akajipiga goti.

Bwana Thalheim akainamia meza, macho yakang'aa. "Umenipa wazo! Una ile nguo ya zamani, ya wachuma zabibu, na kitambaa cha kichwa? Ungesimama langoni siku za Jumamosi na kapu lako, uwakaribishe wageni. Kazi nyepesi. Tutakulipa vizuri."

Irmgard aliinuka. Akashuka bila kusema kwaheri. Njiani alijisemea kwa sauti mpaka mbwa wa kasisi akamkimbia.

Alikwenda ofisi ya mji. Karani alimwambia kwamba, kwa kweli, matawi hayana sheria ya hakimiliki, na jina la mteremko ni suala refu, aandike barua. Kisha akashusha sauti. "Bi Irmgard, kati yetu. Ngome ndiyo inayoulisha mji huu sasa. Nani atataka ugomvi?"

Na hapo ndipo penye kidonda, nami nitalisema wazi, maana naandika habari za majirani zangu na mimi nikiwa mmoja wao. Mwokaji Gisbert huwapelekea mikate. Wenye vyumba vya wageni hupokea wale waliozidi kule juu. Lioba hutandika vitanda. Sote tulikuwa tumelalamika kuhusu magari yao, kuhusu fataki zao, kuhusu kile kibao cha langoni kinachosema "Wageni wa hoteli tu", langoni mwa ua ambamo babu zetu walizoa mavi ya njiwa kwa koleo. Tulilalamika jioni, asubuhi tukawapelekea mikate. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Jumatano mabenchi ya Irmgard yalijaa. Alimimina, akahudumia, akakusanya sahani. Kisha akasimama katikati ya ua na taulo begani.

"Mnasikia! Ngomeni kuna kitita. Kitita kikining'inia, mlango u wazi. Jumamosi saa tisa nakwenda kunywa. Nani atakunywa nami?"

Gisbert aliyasoma maandishi ya chini ya glasi yake. Mzee Ottmar, aliyeendesha pantoni miaka thelathini na sasa anaendesha maneno tu, akakohoa.

"Jumamosi kuna harusi kule, Irmi. Watu mia na ishirini."

"Ndiyo maana. Mwenye shughuli huandaa vya kutosha."

"Utajiaibisha."

"Mimi?" Sauti yake ilipanda mpaka ikavunjika. "Mimi nimeshaaibishwa, Ottmar! Watu wanapita mlangoni pangu wakiziba pua kwa ajili ya uchafu ambao sikuutengeneza! Volkmar alifia kule juu. Sikuombi unipe pole. Nakuuliza swali moja, jina la kile kilima ni la nani? Ni la yule aliyenunua dirisha?"

Usiku ule kila mmoja alirudi kwake akiwa na sababu nzuri ya kutokwenda.

Jumamosi alivaa koti lake la buluu la kanisani na viatu vya ngozi, akapanda peke yake. Uani palikuwa na turubai jeupe, viti vilivyovishwa vitambaa, watu watatu wakipiga fidla. Juu ya lango kitita kiliyumba, kikubwa kama kondoo, riboni za dhahabu. Msichana mwenye orodha akamtabasamia.

"Jina lako, mama?"

"Kinaning'inia?"

Msichana alitazama juu, akatazama chini. "Ndiyo… kinaning'inia."

"Ahsante," akasema Irmgard, akapita. Msichana akadhani ni shangazi wa bwana harusi.

Alikaa mwisho wa benchi la kwanza, mikono juu ya mkoba. Alikaa dakika kumi, mgongo wima, uso mwekundu. Ndipo mlango wa chumba cha kufulia ukafunguliwa, akatoka Lioba na aproni yake ya kazi, mikono bado ina unyevu. Akaja, akakaa kando yake. Kazi ya miaka kumi na mmoja aliiacha imening'inia kwenye kamba pamoja na mashuka.

Sisi wengine tulikuwa tumesimama kwenye kona ya barabara mbele ya lango, kila mmoja akijifanya anapita tu. Ni Gisbert aliyemwona Lioba akikaa. Akalaani, akafuta unga mikononi. "Basi potelea mbali mikate," akasema, akaenda. Nasi tukamfuata. Tulikuwa kumi na mmoja tulipokwisha kukaa, na kila aliyepita langoni alimuuliza msichana yule, "Kinaning'inia?" mpaka akaanza kujibu kabla ya kuulizwa.

Bwana Thalheim alikuja mbio huku akitabasamu, jambo gumu kulifanya.

"Bi Neidhöfer, hii ni shughuli ya faragha," alinong'ona. "Nawaomba. Tuongee Jumatatu. Na wewe, Bi Lioba, wewe hasa tutaongea Jumatatu."

"Tumekuja kunywa," alisema Irmgard, naye hakunong'ona. "Umetundika."

"Nilishakueleza, ni mapambo!"

"Kwako ni mapambo. Hapa ni mwaliko. Hutaki watu, usitundike."

Fidla zilinyamaza moja moja. Kutoka meza ya maharusi akainuka mzee mmoja mwenye fimbo na masikio makubwa. Alikuwa babu yake bibi harusi, Mzee Burkard, mkulima wa mizabibu wa mto Mosel, na tangu asubuhi alikuwa amechoka kukaa kati ya watu wanaozungumzia simu.

"Ni nini hicho? Wanasema nini?" aliuliza. Kisha akaona kitita, akatuona sisi, koti la buluu, aproni, unga wa Gisbert. Uso wake ukafunguka. "Kinaning'inia?" alipaza sauti.

"Kinaning'inia!" tukajibu kumi na mmoja.

Mzee Burkard akaipiga meza kwa fimbo mpaka keki ikatikisika. "Kijana! Kwetu ukitundika kisha ukamfukuza mtu, mwaka mzima hakuna atakayekunywa nawe. Wamiminie watu!"

Bibi harusi alikuwa amejishika mdomo, haijulikani ni kwa kucheka au kulia. Meneja aliwatazama wageni mia na ishirini wakimtazama, akafanya ishara. Majagi yakaja. Irmgard aliinua glasi yake kwenye mwanga, akanusa, akanywa tone, akalitema kwenye kokoto kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Bwana Thalheim. Mvinyo huu ni wa wapi?"

"Ni… ni wa Engelsleite yetu."

"Engelsleite yenu ina vidato vingapi?"

Meneja akautazama mteremko, ule unaoonekana kutoka kila dirisha, na kutoka pale uani huwezi kuvihesabu vidato.

"Mwaka jana zabibu zilichumwa lini? Nani alichuma safu ya chini ya msalaba? Jiwe lililoanguka mwezi wa tatu lilivunja mizabibu mingapi?" Akaiweka glasi mezani. "Hujui hata moja. Mimi najua zote, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzijua. Tengeneza uchafu wako, uuze, watu wana koo zao. Lakini uupe jina lako. Uite Thalheim. Uone kama utapenda watu wakilitema."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeanza kupiga makofi kwenye meza za harusi, akanyamazishwa na mkewe.

"Mnataka nini?" aliuliza meneja. Tabasamu lilikuwa limelala hatimaye.

"Kishushe."

"Nikikishusha mtaondoka?"

"Kikishuka, nyumba imefungwa. Tutaondoka."

Meneja alivuta kiti kimojawapo cha harusi, akapanda na viatu vyake juu ya kitambaa cheupe. Riboni zilikuwa zimefungwa kwa waya. Alihangaika nazo muda mrefu huku majani makavu ya msonobari yakimwagikia kwenye suti ya maziwa, na hakuna aliyemsaidia. Kilipoanguka, Irmgard aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi harusi.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia siku."

"Nani kakwambia?" alisema msichana. Jina lake lilikuwa Annegret. "Babu hajacheka hivi tangu bibi afariki. Mvinyo wako wewe uko wapi?"

"Chini, mlango wa tatu kutoka pantoni. Kwangu bado kinaning'inia."

Walikuja kesho yake kabla ya saa nne asubuhi, bibi harusi amevaa suruali ya jinzi, macho yamevimba kwa usingizi, na Mzee Burkard nyuma yake na fimbo. Sisi tulikuwa pale tayari. Lioba alikuwa pale, hajui kama kesho ana kazi au hana. Gisbert alikuwa pale na mikate mingi kuliko ilivyohitajika. Irmgard aliteremka ghalani mwenyewe, magoti yakilia, akaleta chupa isiyo na vumbi. Akamimina glasi mbili, akasimama. Hakuna aliyetafuna.

Annegret alikunywa. Uso ukamkunjamana kama wa mtoto aliyelambishwa ndimu.

"Mchachu!" alisema, kisha akawa mwekundu mpaka shingoni. "Samahani, Bi Neidhöfer. Sikukusudia… baada ya yote yale ya jana… Samahani sana."

"Usiniombe radhi!" Irmgard alipiga kiganja mezani. "Ni mchachu, ndiyo. Mwaka jana jua lilichelewa, na magoti yangu yakachelewa zaidi. Sema tena, kwa sauti, huyu Ottmar ni kiziwi."

"Ni mchachu!" alipaza sauti Annegret.

"Naam," alisema Irmgard, machozi yakimtoka bila aibu, akamjazia glasi mpaka juu. "Huo sasa ndio wangu."